Sare Yangu na Ouma

Jumatatu, mvua. Migori imelowa tangu alfajiri, dukani hakuna mteja, nami sina hamu ya kuzungumza na mtu.

Jumamosi timu yetu ya sataranji ilienda kucheza Homa Bay. Nilipangwa na bingwa wao, Ouma, binamu yangu wa Oyugis. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu tukiwa wadogo kwa nyanya. Sijawahi kumshinda. Hata sare sikuwahi kupata.

Lakini siku hiyo nilicheza vizuri mpaka mfalme wake akabanwa pembeni. Nilikuwa nimeinama nikitafuta hatua yangu, Ouma akaninong'oneza, "Nyaminwa, dada yangu, tufanye sare. Hapa hakuna wa kushinda."

Alisema kwa upole. Nikampa mkono.

Wakati wa chakula nikamsikia akiwaambia wenzake, "Nilimwachia tu. Ni dada yangu, ningemwaibishaje mbele ya watu wake?" Wakacheka. Kiongozi wetu, Mwalimu Chacha, alisikia pia. Tukiwa njiani kurudi akaniambia mechi ijayo nipumzike, acheze mwingine.

Nami nilikuwa nimemwamini Ouma. Kabla hatujaondoka nilimfuata nje, nikamwambia asante kwa kunihurumia.

Nilimshukuru.

Leo, kwa kukosa kazi, nimepanga kete kwenye kaunta vile zilivyokuwa. Nimezitazama mpaka chai ikapoa. Farasi wangu akiruka mara moja tu, mfalme wa Ouma hana pa kukimbilia. Mchezo umekwisha, nimeshinda.

Nimempigia simu. "Ouma, ile hatua ya farasi uliiona?"

"Niliiona. Wewe ndiye hukuiona."

"Na yale uliyowaambia watu?"

"Aa, nyaminwa. Huo ni mchezo tu."

Kwamba aliogopa kushindwa, naelewa. Mimi nimeishi na hofu hiyo kila nikikaa mbele yake. Kinachoniuma ni kwamba alitumia sauti ile ile aliyonifundishia, akijua nitaiamini kuliko macho yangu mwenyewe.

Jioni hii ameniandikia kana kwamba hakuna kitu: Jumapili atapita Migori, je, tucheze?

Nimeandika "hapana", nikafuta. Kisha nimemjibu: "Njoo. Lakini tukishakaa mezani, usiniongeleshe."