Neno Lililotunyima Nyumba

Kwako mke wangu, Mama Ester,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Mpemba, na kifua cha Mama kimepata nafuu tangu mvua zikatike. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Umeniuliza kwa ukali kwa nini sijakuita, na kama nina mwanamke mwingine huku mgodini Rodesia. Sina. Nyumba ya wenye wake nilikuwa nimeshaahidiwa. Kilichotunyima ni neno moja, nami sijui nicheke au nilie.

Unajua kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya nyumba. Bwana mkubwa wetu alinipa tangazo la Kiingereza nilitie katika Kiswahili kwa ajili ya wachimbaji waliotoka kwetu Tanganyika. Humo tuliitwa Waafrika "urban", yaani wa mjini. Nikaandika "wenyeji wa mji". Kumbe bwana aliwahi kufanya kazi Mbeya, Kiswahili anakisoma.

"Nani amekwambia ninyi ni wenyeji?" akaniuliza mbele ya makarani wote.

Laiti ningenyamaza. Lakini Kilatini cha miaka ile minne ya seminari hakijanitoka. Nikamweleza kwamba Warumi walikuwa na maneno mawili ya mji. "Urbs" ni mji wa kuta na majengo, na humo Waingereza wamepata "urban". "Civitas" ni watu wenyewe walioungana, na humo wamepata "city", tena "citizen", mtu mwenye haki katika mji wake. Nikasema mimi sijui neno la Kiswahili la mtu wa majengo tu. Anayekaa mahali, akazaa na kuzika hapo, tunamwita mwenyeji.

Akachukua kalamu, akafuta, akaandika "wakaaji wa muda". Kisha akafungua orodha ya nyumba, akafuta na jina langu. Nyumba, alisema, haipewi karani mbishi. Miaka minane nawaandikia Wazungu barua zao, halafu Kilatini walichonifundisha wenyewe ndicho kinaniponza!

Tangazo nikatumwa kulibandika mimi. Mzee Kibona, mchimbaji aliyetoka Ikinga, asiyejua kusoma, akaniomba nimsomee. Akauliza, "Muda gani?" Alikuja hapa mgodini binti yake akiwa bado ananyonya, sasa binti huyo ameolewa.

Jioni akaja kwangu na mkewe. Wamesema watagawa nyumba yao kwa pazia, upande mmoja uwe wetu mpaka tupate yetu. Bwana asipopenda, shauri yake.

Nisalimie Mama, na kaka yangu anayetuangalizia ng'ombe, na katekista anayekusomea barua hii, ila asiongeze lake.

Basi funga mizigo, wewe na Ester. Mkishuka kwenye lori msiulize ofisi yoyote. Ulizeni kwa Kibona, mtu yeyote atawaonyesha.

Mumeo akupendaye,
Baba Ester