Mguu wa Mke Wangu na Breki za Gari la Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijasaidiwa na ukuta wa jirani. Mimi ni fundi cherehani, mume wa muuguzi, na kosa langu lilianza siku nilipojiambia kwamba fundi ni fundi tu, awe wa suruali awe wa magari. Baba mkwe, ambaye sasa amestaafu udereva, alitukabidhi gari lake la zamani, lile alilonunua kabla mke wangu hajazaliwa, zuri ajabu, ila breki zake ni za dramu, zile za kizamani, na ukishuka mlima unaanza kukumbuka dhambi zako, basi mimi nikatazama video tatu kwenye simu, nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikachagua breki za diski kutoka gari jingine lililogongwa nyuma, nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazipaka rangi nyekundu, ndiyo, mshauri, nilianza na rangi, nikazifunga mwenyewe kwenye magurudumu ya mbele, na zikakaa kana kwamba zimeshonwa.

Tatizo ni pedali. Ukiikanyaga inazama kama mguu kwenye godoro, lazima uipampu mara tatu ndipo gari lisimame, na maana yake ni kwamba upepo umebaki ndani ya mafuta ya breki, kwa hiyo kila Jumamosi kwa wiki tano mke wangu akitoka zamu anakaa kwenye usukani, mimi nalala chini na spana, napiga kelele "Kanyaga! Shikilia! Achia!", naye anakanyaga, anashikilia, anaachia, nami nalegeza ile nati ndogo ya kutolea upepo, mafuta yananimwagikia kwenye ndevu, nafunga, na pedali bado ni godoro. Jumamosi ya kwanza alishuka, akachungulia, akaniuliza, "Baba watoto, mbona hii nati ya kutolea upepo inaangalia chini?" Nikamwambia kila mtu na kazi yake, mbona mimi siji wodini kukuonyesha pa kuchoma sindano. Basi nikaamua kwamba kasoro ni mguu wake, anaachia mapema, na nikamwambia hivyo mbele ya watoto, na zaidi ya hapo, hapa naona aibu hata kuandika, baba mkwe alipopiga simu kuuliza gari litakuwa tayari lini nikamjibu, "Mzee, gari liko tayari, ila binti yako hana nguvu ya mguu."

Mzee wa watu akampigia binti yake, akamshauri ale vizuri na apande ngazi kila asubuhi. Leo ni siku ya tisa mke wangu hasemi nami, ananiandikia vikaratasi na kuvipachika kwenye cherehani kwa pini zangu mwenyewe: "Chakula kiko mezani." Jumamosi hii baba mkwe anakuja, anataka nimshushe kwa gari lake hadi kwa dada yake bondeni, mlima wote ule, na kikaratasi cha jana kinasema, "Baba yangu hapandi hilo gari." Nampenda mke wangu, mshauri, na nyumba imepoa mno. Je, nitafute mtu mwingine mwenye mguu mzito, au kuna namna ya kumfundisha kukanyaga bila kumkasirisha?

Mimi, Fundi-ni-Fundi

*

Fundi-ni-Fundi,

Pole. Naitoa sasa hivi, maana huko mbele sitapata nafasi.

Barua yako nimemsomea fundi anayetunza magari ya gazeti letu. Tulipofika kwenye nati inayoangalia chini aliweka kikombe, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Amefunga ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia!" Vile vyuma vinavyobana diski vina upande, bwana, kama mikono ya koti. Ukivibadilisha, ile nati inakwenda chini, na upepo siku zote hupanda juu, unajikalia huko raha mustarehe. Hata angekukanyagia tembo, usingetoka.

Mkeo ni muuguzi. Kila siku, kabla ya kumchoma mgonjwa, anaielekeza sindano juu, anaigonga kwa kidole, upepo unatoka. Mwanamke huyo alikuuliza swali moja tu, nalo ndilo lilikuwa jibu. Wewe ukamfukuza arudi wodini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe uliona heri livunjike la mzee wa watu!

Kutojua si kosa, sote tuna mahali tusipojua. Kosa ni ile simu. Mtu ametoka kazini miguu imevimba kwa kusimama, akakukanyagia breki Jumamosi tano, nawe ukamshtaki kwa baba yake. Hilo limeniudhi, na ninakwambia wazi.

Sasa sikiliza. Gari hilo lisitoke hapo lilipo, hata kwenda dukani. Breki ya kupampu mara tatu si breki, ni kubahatisha. Rudisha kila chuma upande wake. Mipira ya ndani na mabomba ya mpira nunua mapya, hujui hivyo vilikaa juani miaka mingapi. Halafu mwite fundi magari wa kweli akague kazi yote, hasa pampu ya breki, maana iliyozoea dramu huenda isiziweze diski. Jumamosi mzee aende bondeni kwa teksi, na wewe umsindikize, ukae nyuma, kimya.

Ila kabla ya spana, simu. Leo hii, mkeo akiwa amekaa hapo hapo, mpigie baba yake umwambie: "Mzee, mguu wa binti yako ni mzima. Aliyekosea ni mimi, na yeye aliniambia mapema nikamnyamazisha." Usipunguze hata neno. Siku ya kutoa upepo tena usimwite kwenye usukani. Akikubali kukusaidia, mpe yeye spana, wewe ukakae ukanyage. Akisema shikilia, shikilia. Akinyamaza, endelea kushikilia.