Pikipiki ya Theluji Niliyopewa na Mzee Walter

Jumatatu, 2 Februari 2015

Imegoma tena. Nimevuta kamba mpaka bega linauma, nikabadilisha buji, ile plagi ya kuwashia, nikavuta tena. Ikawaka, ikatoa moshi kama kuni mbichi. Nikafunga majani makavu nyuma, nikavuka kijito mpaka zizi la mitamba. Walishaanza kulia. Theluji ikijaa trekta haifiki kule. Bila hii pikipiki ya theluji, mitamba hawali.

Patroni, mwenye shamba wa sasa, alisimama mlangoni akinitazama. Akasema duka moja la Kenmore lina nyingine, si mpya lakini nzima. Watapokea hii yangu, kinachobaki atalipa yeye. Nikasema nitafikiri. Akaniangalia kama mtu mwenye njaa anayekataa chakula.

Jumatano, 4 Februari

Siwezi kumweleza patroni. Hii pikipiki nilipewa. Mzee Walter ndiye alikuwa mwenye shamba kabla ya patroni. Siku anauza kila kitu ahamie Columbus kwa binti yake, alinishika bega, akaniwekea ufunguo mkononi. Hakuna mtu alikuwa amenipa kitu tangu tufike Amerika, ukiacha nguo za kanisa.

Kwetu milimani, ng'ombe uliyepewa humuuzi wala humbadilishi bila kurudi kwa aliyekupa. Unaenda kwa miguu yako, unakaa, unamwomba. Ukifanya kimya kimya, urafiki umeukata wewe. Najua pikipiki si ng'ombe. Haizai. Lakini nilipewa namna ile ile. Na huku sina rafiki mwingine. Nimeliandika, ni kweli.

Ijumaa, 6 Februari

Mama Neema, mke wangu, amepiga simu kutoka Louisville. Yuko Highview kwa binti yetu tangu binti ajifungue, anamshikia mtoto. Nikamweleza habari ya pikipiki. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Baba Neema, mimi ulinipandisha basi kuja huku bila kuuliza mtu. Chuma ndiyo unaiombea ruhusa?"

Akasema huko hakuna theluji ya kutisha. Mkwe wetu atanitafutia kazi kwenye depo anakopanga makartoni. Niache ng'ombe za watu. Ng'ombe ndiyo kazi ninayoijua. Baada ya simu nyumba ilinyamaza vibaya. Nimekula bugali nimesimama.

Jumapili, 8 Februari

Ibada, Riverside. Mzee Ruben wa kanisa alikuja kunichukua kwa gari pamoja na wengine. Njiani nikamwuliza juu ya pikipiki. Na yeye amechunga ng'ombe kule kwetu, nilidhani atanielewa.

"Ndugu yangu, mzungu akikupa kitu kizee, amekitupa kwa adabu. Wewe unataka kukitolea mahari."

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka. Wakati wa maombi sikusikia neno hata moja. Iliniuma sana. Nimemwomba Mungu aniondolee hasira juu ya Mzee Ruben. Bado haijatoka.

Jumatano, 11 Februari

Nilipiga Columbus mchana. Binti yake akapokea: baba amelala, atakupigia. Hakupiga. Nilikamua na simu mfukoni.

Bon, sawa. Labda kosa ni langu. Jambo kama hili haliombwi kwa simu.

Jumapili, 15 Februari

Baridi ambayo sijawahi kuiona. Pikipiki ilizimika ng'ambo ya kijito wakati wa kurudi. Nilivuta kamba mpaka ikakatika. Nikaanza kutembea, theluji mapajani, upepo usoni, nyumba siioni. Nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena. Safari hiyo sikutaka kuinuka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikaliita jina la Yesu. Nikatambaa mpaka uzio wa waya, nikaufuata kwa mkono mpaka nyumbani. Vidole viwili vilikuwa vyeupe, sasa vinawaka moto.

Kanisani sikwenda. Mke wangu sijamwambia.

Jumatatu, 16 Februari

Patroni ameikokota kwa pikipiki ya jirani. Hajawahi kunipigia kelele, leo amepiga. Unataka kufa kwa sababu ya takataka? Jumamosi naipeleka Kenmore, akasema. Alikuwa na haki. Nikamwomba ruhusa ya Jumatano na Alhamisi. Akauliza ya nini. Nikasema ya kwenda kumwona mgonjwa. Nimedanganya. Bwana anisamehe.

Mke wake atakamua.

Alhamisi, 19 Februari

Ndani ya basi, nikirudi.

Nilimpelekea Mzee Walter siagi niliyosukasuka mwenyewe. Amekonda, magoti yamekataa, lakini macho ni yale yale. Kiingereza changu ni cha zizini, donc, basi, nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Kwanza baridi, halafu majani, halafu ng'ombe, ndipo ombi. Nilipotaja pikipiki tu akadakia.

"Ile takataka bado inatembea?"

Akacheka. Akasema aliyenunua shamba aliikataa, akanipa mimi ili asilipe watu wa kuja kuiondoa. Alidhani ilikufa mwaka ule ule. Ibadilishe, akasema, hata leo.

Jibu lilitoka kabla sijakaa vizuri. Kwetu ombi kama hilo linachukua siku nzima. Kumbe Mzee Ruben alisema kweli. Sikujua nitazame wapi. Nilitaka kuondoka, lakini basi lilikuwa bado kabisa. Nikabaki nimekaa na kofia magotini.

Mzee akazima televisheni. Akauliza kama yule ng'ombe mweusi anayepiga teke bado yuko. Nikamwambia yuko, na bado anapiga. Akauliza juu ya mwingine. Akawataka wote, kwa majina, nani amezaa, nani ameuzwa, nani anachechemea. Nilipokosa Kiingereza nilionyesha kwa mikono. Binti yake akaleta chai, akasimama mlangoni. Akasema baba hajaongea hivi tangu Krismasi.

Jumamosi, 21 Februari

Imekwenda. Nilisaidia kuipakia. Hii nyingine ni ya bluu, unabonyeza tu inawaka. Mitamba wamekula mapema.

Nilidhani nitapumua. Sivyo. Tangu Mzee Walter ahame nilikuwa na kitu chake mkononi, na siku moja ningepaswa kwenda kumwambia habari yake. Sasa nimekwenda, amejibu, kitu hakipo. Sina tena sababu ya kumpigia.

Jumapili, 1 Machi 2015

Theluji kidogo, bila upepo. Nimetoka ibada, nimevua viatu, nimekaa na simu muda mrefu. Nikapiga.

Alipokea mwenyewe. Akauliza kama ile nyingine imegoma. Hapana, inakwenda. Ng'ombe wanaumwa? Hapana, wazima. Sasa kuna nini? Nikasema hakuna kitu.

Nikasikia kiti chake kinalia.

"Vizuri," akasema. "Mimi pia sina kitu. Anza wewe."

Nikaanza na baridi. Halafu majani yaliyobaki. Yeye akasema habari za magoti yake, na chakula cha binti yake kisicho na chumvi. Alipochoka aliniaga, akasema nisikawie kupiga tena.