Mgonjwa Aliyekuja Msafi

Bweni la Wanachuo,
Ghorofa ya juu, chumba cha mwisho.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Bibi, ambaye najua atakutaka umsomee barua hii mara mbili. Goti lako linaendeleaje? Na Bibi bado anakula vizuri? Mwambie meno matatu nayo hupigwa mswaki, asijifanye ameshastaafu.

Mimi ni mzima wa afya, ila nimechoka. Shingo imekakamaa kwa kuinamia vinywa vya watu, na vidole vimechujuka kwa kushinda ndani ya glavu. Nikilala naota magego.

Baba bado anawatangazia majirani kwamba nasomea udaktari wa meno. Nimeshamweleza hadi nimekauka koo: daktari huziba na kung'oa, sisi tunasafisha, tunakwangua ukoga uliogeuka jiwe, na tunawafundisha watu kutunza fizi zao. Anaitikia, kisha anatoka nje na kuniita daktari. Nimemwacha.

Uliniuliza habari za mtihani na nimekuwa nikikukwepa. Mtihani wetu wa mwisho hauna kalamu, Shangazi. Kila mwanafunzi huja na mgonjwa wake mwenyewe, mtu mzima mwenye ukoga mgumu kwenye meno ya nyuma. Msimamizi humkagua kwanza. Asipouona ukoga wa kutosha, hakuna mtihani, unangoja nusu mwaka. Ndiyo maana msimu huu wote tumekuwa watu wa kuchungulia midomo. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alimfuata muuza matunda hadi mwisho wa mtaa kwa sababu tu alimwona akipiga miayo.

Mimi nilimpata wa kwangu kwenye geti la chuo. Ni fundi viatu, rika la Baba. Siku aliponishonea kiatu alikuwa ameshikilia misumari kwa midomo, na alipoitoa ili anisalimie, nikaona. Ukoga ulikuwa umejaa hadi kwenye fizi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa, Mungu anisamehe.

Nilipomwomba aje siku ya mtihani, aliuliza kwa nini nimemchagua yeye. Hapo ndipo nilipoharibu. Utamwambiaje mtu mzima, tena wa kumwamkia, kwamba unamtaka kwa uchafu wa kinywa chake? Adabu ilinikaba. Nikasema nimemchagua kwa kuwa ni mtu wa kuaminika. Akasema maisha yake yote hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Basi nikashindwa kabisa kumweleza ukweli. Nilijipa moyo kwamba mtu ambaye hajayajali meno yake miaka yote hiyo hataanza kuyajali mwezi huu.

Siku ilipofika alikuja mapema, shati limepigwa pasi, akapanda kitini na kufungua kinywa kabla sijamwambia. Shangazi, kilikuwa kinang'aa. Wiki ile alikuwa amefunga kibanda, akaenda kupanga foleni hospitalini, akavumilia kukwanguliwa meno yote. Aliona uso wangu umebadilika, akadhani ni furaha.

"Nisingekuaibisha mbele ya walimu wako, mwanangu," akasema. "Mgeni hakaribishwi nyumba chafu."

Msimamizi alipitisha kioo chake kushoto na kulia, juu na chini. Akaniambia taratibu kwamba mgonjwa wangu hana kazi ya kufanyiwa, nimshushe. Kila kiti kingine kilikuwa kinafanya kazi. Niliosha mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

Kwa hiyo sijafaulu wala sijafeli, nimebaki njia panda. Kliniki iliyoniahidi kazi ilitaka cheti kabla ya mwaka kwisha, na sasa imemchukua mwingine. Nimelia, nimenyamaza. Naomba wewe ndiwe umwambie Baba, maana wewe ni mdogo wake, na akikukaripia hukukaripia kwa kunong'ona. Mimi sina nguvu za kumsikia akinyamaza kwenye simu.

Lakini kuna jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mwingine. Nilipotoka, fundi alikuwa ananingoja kwenye korido, akauliza kama tumefaulu. Nikamwambia meno yake yamefaulu. Akacheka sana, akaniambia siku hizi anatafuna pande zote mbili, na kwamba mkewe amemwonea wivu. Mkewe hali yake ni mbaya kuliko alivyokuwa yeye: fizi zinatoka damu, kila chakula lazima kipondwe. Alikuwa akiogopa kuguswa, lakini sasa amekubali.

"Nimlete kwako?" akauliza. "Au aende kulekule hospitali?"

Shangazi, mgonjwa wa namna ile hapatikani hivi hivi. Ningesema neno moja tu, angojee, naye angengoja nusu mwaka mzima kwa heshima yangu, akila vya kupondwa, na mimi ningekuwa na cheti. Nilisimama pale nimechoka hadi kwenye mifupa, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikamwambia ampeleke hospitali kesho yake asubuhi, asingoje. Chiriku ananiita mpumbavu tangu siku hiyo hadi leo.

Nisalimie Bibi, binamu zangu wote, na yule kitukuu mnayesema ameota jino la kwanza. Mlifute kwa kitambaa safi kila jioni. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mzuri, nami anigawie kidogo.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako.