Zid ya Dada

Mdogo wangu Iftikhar,

Msalimie mkeo. Huku Multan sote wazima, nyati wetu wa maziwa amezaa dume, na joto halina adabu.

Karatasi uliyompa karani wa ardhi aniletee imefika. Eti niweke dole gumba, nikuachie fungu langu la shamba la Baba, kama wafanyavyo dada wema. Nilipokataa ukanipigia simu ukifoka: "Dada, acha zid, acha ukaidi!"

Zid! Ulipogoma kula siku tatu ununuliwe pikipiki, Mama alicheka, "Mwanangu ana msimamo." Baba alipomnunia nduguye miaka tisa, ikaitwa heshima. Kumbe ukaidi ukiota masharubu hubadilishwa jina!

Unasema nisipoweka dole, nyumbani kwa Baba nisikanyage tena, na nguo za Idi hutaniletea. Mama naye aliwawekea kaka zake dole ili asifungiwe mlango. Siku tuliyomzika, alikuja yupi?

Karatasi yako hiyo, nairudisha. Alama ya wino pale chini ni ya mguu wa kuku wangu. Yeye ndiye hana zid.

Dada yako bado, utake usitake,
Shagufta