Kulabu ya Mkuu

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa maabara. Usinicheke.

Unaijua ile minyoo bapa tunayoitoa kwenye matamvua ya samaki wa matumbawe? Tunaitofautisha kwa kulabu zake. Sasa Mkuu wetu kagundua yenye kulabu moja ya ziada. Spishi mpya! Kaipa jina lake mwenyewe, na leo kaita wageni waje waione. Hata keki ina picha ya mnyoo, wallahi.

Kaniambia niiweke hadubini sawa. Nikakisogeza kidogo kile kioo chenye mnyoo. Mnyoo ukasogea. Kulabu haikusogea.

Nikasogeza tena. Mnyoo huoo, unakwenda. Kulabu imekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga!

Mwenzangu, ni ukope. Ukope wa Mkuu, umenata kwenye lenzi anayochungulia. Ndiyo maana wiki nzima kila mnyoo aliouangalia ulikuwa wa jina lake!

Nikamnong'oneza. Unajua kanijibu nini?

"Binti yangu, usiifute hiyo lenzi mpaka wageni waondoke."

Usiifute, ananiambia. Usiifute!!

Foleni ya kuchungulia imeshaanza, namsikia anavyojisifu. Na mimi huku chooni kitambaa kiko mkononi. Nilifuta kwanza, ndipo nikamwambia.