Glasi ya Maji Juu ya Tangi

Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, na baada ya salamu nikuulize kifua chako na ule moshi wa gereji. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vimejaa matundu ya sindano, ndiyo maisha ya mshona viti. Baba naye mwili haujambo, ni mikono tu inayotetemeka. Zamani ulikuwa wa kulia peke yake, sasa wa kushoto nao umeona wivu. Chai namtilia nusu kikombe. Wageni wakija anaikalia mikono yake, na wakitaka kumpa mkono anajifanya kasinzia. Mwaka mzima sasa hajavuka mlango wa nje.

Daktari alipokuja nyumbani kumwona alinivuta pembeni akaniambia ugonjwa huu haurudi nyuma. Mwaka huu baba bado anaweza kukaa wima kwa safari ndefu. Mwaka ujao hajui. Sikumwambia baba neno. Nadhani alinisoma usoni, maana kesho yake asubuhi alisema ghafla, "Mwanangu, mimi lile daraja sikuvuka."

Unalikumbuka. Miaka thelathini ya utarishi alibeba mifuko ya barua mpaka pale kila Ijumaa, akamkabidhi tarishi wa upande wa pili, akageuza pikipiki. Nikamuuliza, "Hata siku moja hukuvuka, baba, kutazama tu?" Akasema, "Huku nyuma kulikuwa na barua za watu zinangoja."

Pikipiki yake unayo wewe. Naishia hapo, mengine Mungu atakuonyesha.

Ni mimi,
Dada yako


Jumamosi, 16 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua hakijambo, ni hofu zako tu. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa juu ya pikipiki yenyewe. Nimekata shauri: Baba atavuka.

Lakini si kwa hali hii. Unalijua dude hili, kubwa kama ng'ombe aliyeshiba, silinda mbili na kila moja na mawazo yake. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi jioni, nusu saa nzima anaongea kama mtu aliye ndani ya mtungi? Mgonjwa hawezi kupandishwa kwenye mtikisiko ule. Kwa hiyo naifungua injini yote. Naweka pistoni nyepesi, na chuma cha kusawazisha kinachozunguka kinyume ili kiumeze mtikisiko. Chini ya injini naweka mipira minene, isigusane na fremu chuma kwa chuma. Shokomzoba za nyuma mpya. Kioo cha mbele nakirefusha, upepo umpite juu ya kofia.

Wewe nishonee kiti cha nyuma. Kiwe na egemeo la mgongo na mahali pa kuweka mikono, kama kochi la sebuleni. Mpime, ila usimwambie ni cha nini.

Mdogo wako


Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi tunaendelea na rehema za Mungu.

Nimempima. Nilisingizia suruali. Akatulia mpaka nilipofika mgongoni, akasema, "Suruali gani hii inafika mabegani?" Nikamwambia ni mtindo mpya. "Basi mtindo huo uniandalie na kola," akasema. Nilicheka mpaka futi ikanidondoka.

Kiti kimekwisha. Sponji ngumu chini, laini katikati, na juu nimeweka nyembamba ili asizame. Ngozi nimeishona kwa uzi wa mara mbili, na kila mshono nimeusindikiza na sala ndogo, kwa hiyo kikikwaruza usinilaumu mimi peke yangu. Kinakuja na basi la Jumatatu.

Nikwambie jambo. Mchana nilipumzika kidogo, nikaegemea kiti hichohicho kabla ya kukifunga, nikaota. Niliiona barabara imelala kama kitambaa kirefu kilichokunjuliwa, haina mshono hata mmoja, na Baba anapita juu yake bila sauti, mgongo wake unazidi kuwa mdogo. Nilipoamka mkono wangu ulikuwa unapapasa ngozi ya kiti. Nimeichukua kuwa ndoto njema.

Dada yako


Alhamisi, 2 Mei

Dada,

Shikamoo, na habari za nyumbani. Mimi sijambo, sema usingizi umenikimbia kwa furaha.

Leo asubuhi nimeiwasha. Nimejaza glasi maji mpaka ukingoni, nikaiweka juu ya tangi, nikavuta mafuta. Dada, maji hayakucheza! Yalikaa kama kioo, nikaona dari la gereji ndani yake, na mawingu kwenye ule upenyo wa bati. Mafundi wote walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama kweli injini inawaka au nimewafanyia kiini macho.

Kiti chako kimekaa kama kilizaliwa pale. Nakuja nayo mwenyewe. Usimwambie Baba, nataka nione uso wake.

Mdogo wako


Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu ingawa uliondoka bila kuaga na bila chai. Natumaini ulifika salama. Nilikuombea njia nzima.

Najua umeumia. Umekuja mwendo wa siku mbili, Baba akapanda, hamkufika hata kwenye njia panda akasema, "Nirudishe." Tena akaongeza mbele ya majirani, "Umeiua pikipiki yangu." Hata mimi nilimkasirikia. Siku nne nilimhudumia kimya, Mungu anisamehe.

Lakini kuna kitu nilikiona wewe hukukiona. Ulipoweka ile glasi juu ya tangi, majirani wakapiga makofi, wewe ulikuwa unatazama maji. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Aliangalia maji yale yaliyotulia, kisha akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

Juzi nikiwa namnyoa ndevu nilimuuliza. Kwa mtu mwenye wembe shingoni hakuna pa kukimbilia. Akaniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Mikono hii haikuanza jana. Ilianza miaka saba kabla sijastaafu. Nani alijua? Juu ya ile pikipiki kila kitu kilitikisika, vioo, mifuko, meno, na mimi nikiwa humohumo. Na nikifika darajani nikashuka, mikono ilikuwa inatulia kwa kitambo, kama watoto waliochoka kucheza. Hapo ndipo nilikuwa natia saini kitabu cha makabidhiano, upesi upesi, kabla haijaamka. Sasa ndugu yako amenipandisha kwenye kitu kilichotulia kuliko maji. Barabara nzima natetemeka peke yangu."

Mdogo wangu, nilimfuta povu tu.

Usimwandikie kumpa pole, ataona haya. Mimi naona bado ana hamu. Kila Ijumaa anavaa viatu, anakaa navyo mpaka jioni.

Dada yako anayekupenda


Jumatatu, 22 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa wiki sita za kimya. Nilikuwa nimenuna, sina neno jingine. Miezi mitatu ya kazi, kazi ambayo kila fundi aliyepita hapa aliiinamia na kuisifu, na mtu mmoja tu niliyemfanyia akasema nimeua. Barua yako niliificha kwenye sanduku la spana nisiione. Kila nikitafuta spana naiona.

Juzi niliifungua injini. Nimekitoa chuma cha kusawazisha, nimeitoa na ile mipira minene, injini imeshika fremu chuma kwa chuma kama enzi zake. Mwenye gereji aliniuliza kama nimerogwa, na mimi nikamwambia huenda. Shokomzoba nimeziacha, na kioo kirefu, na kiti chako. Mashimo ya barabara yasimguse, ila mapigo ya injini yampate mpaka kwenye kucha.

Kisha nikajaza glasi, nikaiweka juu ya tangi, nikawasha. Maji yaliruka. Glasi ikaanza kutembea yenyewe, ikaenda mpaka ukingoni, ikaanguka ikavunjika. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikagundua nalia.

Nipo kwenu Alhamisi ya wiki ijayo. Mwambie Ijumaa asivue viatu.

Mdogo wako


Ijumaa, 2 Agosti

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Usishtuke na mwandiko. Ni wangu.

Tumevuka. Ndugu yako alizima injini upande huu, nikashuka, nikaitazama mikono. Imelala. Nikamwambia, "Karatasi, upesi!" Akaanza kunipapasa mgongo na kuniuliza kama nimechoka. Nikamwambia, "Wewe mjinga, nimesema karatasi." Sasa amesimama pembeni, anajifanya anakagua tairi. Masikio yangu bado yanavuma.

Naandikia juu ya kiti chako. Ni kiti kizuri sana, ila ile suruali yangu naisubiri.

Nikwambie ulivyo upande wa pili. Barabara inaendelea tu. Kuna duka la bluu, na mwanamke anaanika mashuka. Ametupungia mkono, nami nimempungia. Miaka yote ile nilidhani mifuko yangu inaingia kwenye ukungu. Kumbe barua zilikuwa zinakuja kwa watu kama huyu, akimaliza kuanika anakaa kwenye ngazi anasoma.

Nimebeba barua za watu wengi. Wewe sijawahi kukuandikia, tuliishi nyumba moja. Basi hii ni yako. Mungu aibariki mikono yako iliyonishikia kikombe.

Kidole kimoja kimeanza kuamka. Namwambia ndugu yako awashe, twende mbele kidogo. Saini nitaitia tukisimama tena.